Mkono wa Kuazima

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na wale wa mlangoni sogeeni ndani, maana leo nina habari ya bwana mmoja mpima majani ya chai, na sitaki mtu aje kuniambia baadaye kwamba alikuwa nje anajibu simu.

Bwana huyu alifanya kazi kwenye kituo cha kununulia majani, kule milimani ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne. Wachumaji wanafika na magunia, yeye anayatundika kwenye ndoana ya mizani, anasoma, anaita uzito. Na alikuwa mkali. Kuna watu, mnawajua, wanalowanisha majani kidogo ili uzito uongezeke, au wanaficha jiwe katikati ya gunia. Yeye alizamisha mkono mpaka chini kabisa, akalitoa lile jiwe, akaliweka mezani mbele ya watu wote. "Mizani hii haina shangazi wala mjomba," alikuwa akisema. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, alihakikisha mshale umesimama kwenye sifuri. Miaka ishirini na sita, hakuna aliyempitishia jiwe.

Sasa mtu huyo alikuwa na hofu moja. Hakuogopa nyoka wa kwenye chai, hakumwogopa meneja. Aliogopa kupimwa presha.

Kaka yake mkubwa alitajiwa namba yake siku ya Jumatatu. Alhamisi akaanguka bafuni. Jumamosi wakamzika. Watu wengine waliona ugonjwa uliokaa mwilini miaka mingi bila mtu kuutazama. Yeye aliona namba. Kwa akili yake, kaka alikuwa mzima mpaka alipotajiwa ile namba, kwa hiyo namba ndiyo iliyomuua. Naona mnacheka. Je, wangapi hapa ndani mkiona meza ya wapimaji sokoni mnavuka barabara mkajifanya mna haraka?

Siku moja ndoana ya mizani ilimbana kidole, kikavimba, akaenda kituo cha afya. Nesi wa pale, dada mmoja wa miwani asiye na maneno mengi, alimfunga ule mkanda wa kupimia kwenye mkono kabla hajauliza habari ya kidole. Mashine ikanguruma, ikabana, ikaachia. Mia moja themanini na mbili kwa mia moja na kumi. Nesi akarudia. Ikasema vile vile.

"Baba, presha yako iko juu sana. Kichwa hakikuumi?"

"Siumwi popote. Mimi mzima, nimekuja kwa ajili ya kidole."

"Ndivyo ilivyo hiyo. Haipigi hodi."

Akampa vidonge vya kumeza kimoja kila asubuhi. Akamwambia apunguze chumvi, na kila alfajiri atembee nusu saa, mwendo wa haraka, mpaka jasho limtoke, kwa sababu moyo nao ni msuli, usipotumika unalegea. Kisha akafungua kabati akatoa mashine ndogo. Kituo kilikuwa nazo sita za kuazimisha wagonjwa.

"Unakaa dakika tano kimya, miguu chini, mkono juu ya meza. Unapima, unaandika kwenye daftari hili. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, unaniletea daftari na mashine yenyewe. Ina kumbukumbu, inahifadhi kila ilichopima, kwa hiyo usijisumbue kunitungia namba." Akatabasamu kidogo. "Nisipoona mabadiliko, nakuandikia barua uende hospitali kubwa wakakupime moyo kwa ile mashine ya waya."

Hayo mengine yote bwana yule hakuyasikia. Alisikia waya. Mara ya mwisho kumwona kaka yake akiwa hai, alimwona amelazwa chali, kifua wazi, waya zimebandikwa kila mahali.

Asubuhi ya kwanza alikaa mezani kama alivyoagizwa. Akajifunga mkanda. Mashine ilipoanza kubana, akausikia moyo wake kwenye masikio, du, du, du, akaona sasa ndiyo yaleyale ya kaka. Akauchomoa mkanda kabla namba haijatokea. Jasho lilikuwa limemtoka, na hata mlango hajautoka.

Mke wake alikuwa jikoni anamimina chai kwenye chupa. Akamwita.

"Mama Tusekile, hebu niazime mkono."

"Mkono wa nini?"

"Naijaribu mashine, nione kama inafanya kazi."

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akakaa, akakunja mkono wa kushoto wa sweta. Bwana akamfunga mkanda, na kwa kuwa mkono ulikuwa unateleza mezani akaushika kwenye kiganja ili utulie. Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Namba nzuri, namba ya msichana. Akaitazama kwa kitambo. Kisha akachukua daftari lenye jina lake juu ya jalada, akaiandika.

Kesho yake akauomba tena ule mkono. Na kesho kutwa. Siku ya nne mke akauliza, "Hiyo mashine bado hujamaliza kuijaribu?"

"Mashine za siku hizi zinataka subira."

Mama yule hakuwa mjinga. Alijua. Ila nitawaambia kilichomfanya anyamaze, na akina mama hapa watanielewa. Mwenyewe alimwambia, huku akikunja sweta: "Tumeoana miaka thelathini na moja, hujawahi kunishika mkono asubuhi." Alisema hivyo akiangalia pembeni, maana aliona haya. Basi kila siku akawa anawahi kukaa pale mezani kabla hajaitwa.

Jumatano ya kwanza nesi aliisoma mashine, akasoma daftari, akafurahi. "Dawa zimekukubali, baba. Na mazoezi?"

"Kila alfajiri."

Mazoezi yenyewe yalikuwa hivi. Alitoka nyumbani kwa kishindo, viatu vya mpira miguuni, akasalimia majirani ili wamwone. Akifika kwenye kona ambako barabara inaanza kupanda, kulikuwa na lundo la kokoto la watengeneza barabara. Anakaa hapo. Akihesabu kwamba nusu saa imekwisha, anajipaka umande usoni, anarudi nyumbani anahema. Msidhani ni uvivu. Siku ya kwanza alijaribu kweli kupanda, moyo ukaenda mbio, akadhani unaaga. Hakujua kwamba moyo unaodunda mlimani unafanya kazi uliyoumbiwa. Aliogopa sauti ya kitu kinachomweka hai.

Na vidonge? Alisema atavimeza siku akiona anaumwa. Vilikaa kwenye mfuko wa koti.

Nesi naye siku hiyo alitaka kumpima pale pale. "Ah, sista," akasema, "nimepanda mlima huu kwa miguu, nahema. Utanionea." Kulikuwa na foleni mpaka nje, akina mama na watoto wachanga wanalia, na mashine ilikuwa imeshatoa ushahidi. Nesi akamwachia. Jumatano ya pili ikapita hivyo. Ya tatu ikapita hivyo.

Baada ya ile Jumatano ya tatu, namba zikaanza kupanda.

Mia moja thelathini na moja. Akaiandika. Mia moja arobaini na mbili. Mia moja arobaini na tisa. Akabadilisha betri. Mia moja hamsini na nane. Akaupangusa mkanda kwa kitambaa chenye sabuni, akakagua mpira kama umetoboka, yeye mtu wa mizani, anayejua kwamba chombo kikisema jambo lile lile siku sita mfululizo hakijaharibika.

"Umekula nini jana?" akamuuliza mke wake kwa hasira.

"Nilichokula ndicho ulichokula. Ila kisogo kinanigonga tangu juzi."

"Lala mapema."

Mtaniambia bwana huyu alikuwa na roho mbaya. Hapana. Alikuwa anaogopa, anaogopa sana, kazini anarudia kusoma mizani mara mbili. Lakini nawauliza, aliogopa nini? Mbele yake amekaa mtu aliyezaa naye watoto wanne, amekunja sweta, kisogo kinamgonga, na mashine inataja namba. Yeye akiiona ile namba aliona Jumatano. Aliona miwani ya nesi, barua, kitanda, waya. Kila asubuhi alikuwa ameushika mkono wa mke wake na kila asubuhi aliogopa kwa ajili ya mkono wake mwenyewe.

Siku ya Jumanne, kesho yake ndiyo zamu ya kupeleka mashine, ikasoma mia moja sabini na moja.

"Lete wa kulia," akasema.

Mama akakunja mkono wa kulia. Mia moja sabini na nne.

"Mikono yako yote miwili imenisaliti."

Mama yule aliutazama uso wa mumewe, kisha akaitazama mashine. Akamuuliza polepole, kama mtu anayeogopa atakachojibiwa: "Baba Tusekile, hiyo namba ni ya nani?"

Alikuwa na nafasi ya kujibu neno moja tu, "yako," na neno hilo lingewainua wote wawili kwenye viti vile wakaenda pamoja mpaka kwenye kituo cha afya kabla jua halijachomoza vizuri. Badala yake aliiviringisha mashine kwenye mfuko wa rambo, akautundika mfuko kwenye msumari juu ya mlango. Jumatano hakwenda. Alituma salamu kwamba mashine ina hitilafu.

Ijumaa asubuhi alikuta mke wake ameshakaa mezani. Sweta limekunjwa, mkono wa kushoto umenyooshwa juu ya meza, kiganja juu. Alikuwa amezoea.

"Leo hatupimi," akasema bwana. "Toa mkono, niweke kikombe."

"Sawa."

Mkono haukusogea.

"Nimesema toa mkono."

"Nimeshautoa," mama akasema.

Na mkono ulikuwa pale pale, mbele ya macho yake, juu ya meza.

Akadhani anamtania. Akacheka kidogo. Kisha akaona upande mmoja wa mdomo wake umeshuka, na jicho lake linatafuta kitu ambacho hakipo, na chai aliyokunywa inachuruzika kidevuni bila yeye kuifuta. Hofu aliyoibeba miezi yote ile ilikuwa kivuli tu. Hii sasa ndiyo ilikuwa hofu yenyewe. Alimlaza sakafuni, akapiga kelele kuita majirani wamwangalie, akatoka mbio kutafuta gari.

Alikimbia, ndugu zangu. Alilipita lundo la kokoto bila kuliona, akaukimbilia ule mlima alioukataa kila alfajiri, akaumaliza, akashuka upande wa pili mpaka kituo cha kununulia majani, ambako lori lilikuwa linapakia. Moyo ulimpiga kifuani kuliko siku yoyote, na kwa mara ya kwanza hakuusikiliza. Mke wake alifika hospitali amelazwa juu ya magunia ya chai, mumewe amemshika kichwa kisigonge, anamwita kwa jina lake la usichana.

Daktari akauliza maswali ya haraka haraka. Ameanza saa ngapi? Ana kisukari? Ana presha?

"Hana presha, daktari."

"Amewahi kupimwa?"

"Mke wangu hajawahi kupimwa maishani mwake."

Mmemsikia? Siku hamsini na tano. Alikuwa amempima kwa mikono yake mwenyewe siku hamsini na tano mfululizo, amemkalisha dakika tano kimya, miguu chini, mkono juu ya meza, akaandika kwa kalamu. Akasema hajawahi kupimwa, na wala hakuwa anamdanganya daktari. Ndivyo alivyoamini. Neno lilipokwisha kumtoka ndipo alipojisikia. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa daftari, na pamoja na daftari vikatoka vidonge, karatasi ya kwanza haijatolewa hata kidonge kimoja.

Daktari akafungua kurasa. "Hizi ni zako. Jina ni lako."

"Jina ni langu."

"Na mkono?"

Bwana yule akaonyesha kitandani kwa kidevu. Daktari akarudi kwenye ukurasa wa mwisho, akahesabu mistari kwa kidole kwenda juu, akasimama kwenye mia moja hamsini na nane. "Hapa mngekuja," akasema, "huenda angepewa vidonge akarudi nyumbani kwa miguu." Akarudi kwa mgonjwa. Alikuwa na kazi ya kufanya.

Jioni ile wakampima na yeye. Mia moja tisini kwa mia moja na kumi na mbili. Wakamlaza chali, wakamfungua kifua, wakambandika waya. Mashine ikatoa karatasi ndefu yenye milima midogo midogo, daktari akaisoma, akamwambia moyo wake umechoka lakini bado unasikia dawa, aanze leo, atembee kila siku. Ilichukua muda wa kuchemsha maji ya chai. Haikuuma. Hata sindano haikuwemo. Akalala pale na waya kifuani akalia, kwa sababu kitu alichokikimbia kilikuwa kidogo namna hiyo.

Mke wake hakufa. Lakini upande wa kushoto haukurudi, na alichopoteza si nguvu peke yake. Upande ule ulikuwa umefutika kwake, mtu akisimama kushoto hamwoni, akiguswa kushoto hajui.

Asubuhi ya tatu wodini, muuguzi alikuja na mashine ya presha, akaufunga mkanda kwenye mkono wa kulia. Bwana alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda tangu alfajiri. Mashine ilipoanza kunguruma, mama aliitambua ile sauti. Akageuza macho anatafuta.

"Baba Tusekile yuko wapi?"

"Nipo hapa."

"Njoo basi unishike mkono," akasema. "Wanapima."

Na alikuwa ameushika. Ule wa kushoto, ule aliokuwa akiuazima. Alikuwa ameushika kwa mikono yake miwili tangu alfajiri, na mwenye mkono hakujua.

Ndugu zangu, mfano wangu umeishia hapo, na sina namna ya kuufanya uishe vizuri zaidi.

Sisemi ni daftari lililompandisha mama yule presha. Mimi si daktari. Huenda ingepanda tu, umri ule, chumvi ile, mawazo ya kumwona mumewe anajidanganya kila siku. Ninachosema ni kwamba mashine haikusema uongo hata asubuhi moja. Watu waliokaa chini wakaitengeneza walipewa akili hiyo na Mungu, na chombo kilifanya kazi yake, kikapiga kelele wiki mbili. Kilikosa mtu wa kusikia, kwa sababu mwenye masikio alikuwa amejificha nyuma ya mkono wa mwenzake.

Na sisi je? Tunamcheka mpima chai, naye angalau jiwe lake, lile alilolificha kwenye daftari, lilikuwa moja. Baba unakuja hapa unaitwa mcha Mungu kwa maombi ya mkeo anayeamka kupiga magoti wewe ukikoroma. Kijana unasimama imara kwa mfungo wa mama yako. Mimi mchungaji wenu nimesifiwa mara nyingi kwa uvumilivu, na mvumilivu mnayemwona ni yule aliyekaa kiti cha pili pale mbele, mama mchungaji, ambaye sijamuuliza amelalaje tangu Jumapili iliyopita. Tunapeleka kwa Bwana mikono tuliyoazima. Tukifurahia namba nzuri tunasema ni zetu. Siku mikono hiyo ikianza kutetemeka, tunauliza kwa hasira, umekula nini jana?

Mtu aliyekubebea siri yako naye ana kisogo kinachogonga. Lini mara ya mwisho ulimtazama ukaogopa kwa ajili yake?

Tutaimba wimbo mmoja, kisha msitawanyike. Nesi wetu ameweka meza nyuma ya kanisa, chini ya dirisha la ofisi, na mashine iko tayari. Nimemwomba aweke kiti kimoja tu, ili kila mtu akae mwenyewe kwa zamu yake. Atakayeambiwa dawa, ameze. Atakayeambiwa atembee, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tunakutana hapa getini tunapanda mpaka kwenye mnara wa simu na kurudi, nami nitakuwepo, na tumbo hili mnaloliona.

Mimi nitakaa kwenye kile kiti wa kwanza. Mama mchungaji atafuata, na nitasimama karibu nisikie namba yake. Simameni tuimbe.